Wasichana na Mchezo wa Sataranji

Katika pwani ya kaskazini, tangu Tanga mpaka Pangani, mchezo wa bao una heshima kubwa. Jioni wanaume hukaa barazani au chini ya mwembe, na mchezaji hodari husifiwa kijiji kizima. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina miraba 64 na kete 32. Basi kwa watu wa pwani, mchezo wa kufikiri kimya si jambo geni. Lililo geni ni kumwona msichana amekaa mbele ya ubao.

Sababu yake si upungufu wa akili. Wavulana watokapo shuleni hupata nafasi ya kuwatazama wakubwa wakicheza, na kwa kutazama hujifunza. Wasichana, saa ile ile, wamekwenda kisimani, au kutafuta kuni, au wanabeba wadogo wao. Kisha watu huwaona hawajui, husema hawawezi.

Habari za Uganda zinalikanusha neno hilo. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa maskini katika mji wa Kampala, akiuza mahindi ili kumsaidia mama yake. Mwalimu Robert Katende alikuwa akiwakusanya watoto wa mtaa huo, akiwapa uji na kuwafundisha sataranji. Phiona alifuata uji, akapata na elimu. Mwaka 2010 aliichezea nchi yake huko Urusi katika mashindano ya mataifa, na mwaka 2012, huko Istanbul, alipata cheo cha kimataifa. Akili alikuwa nayo tangu mwanzo. Alichokosa ni ubao na mtu wa kumfundisha.

Wako wazazi wasemao kwamba mchezo utamfanya binti mvivu. Neno hili si la kudharauliwa, maana kazi za nyumbani hazina budi kufanywa. Walakini saa mbili kwa juma, mbele ya mwalimu, haziharibu nyumba. Na siku hizo ndugu wa kiume aweza kuchota maji. Tena sataranji humfundisha mtu kutazama kwanza, ndipo atende.

Yafaa wafundishwe kwa kikundi. Msichana peke yake huona haya, lakini wakiwa watano wa shule moja hupeana moyo, na wazazi huwa na amani. Shule ya Pangani yaweza kushindana na ya Muheza, na ya Muheza na ya Tanga. Gharama si kubwa: ubao huchorwa juu ya kipande cha mbao, na kete huchongwa kwa mti.

Zamani, katika sataranji ya Waajemi na Waarabu, kando ya mfalme alisimama waziri, naye alisogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Huko Ulaya aliitwa malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 akapewa ruhusa ya kwenda mbali pande zote. Tangu hapo hakuna kete impitayo kwa nguvu. Mti wake ni ule ule wa kwanza. Kilichobadilika ni njia alizofunguliwa. Wasichana wa pwani nao wafunguliwe njia.