Panya Alinipeleka Jikoni

Nimepotea kidogo, mnisamehe. Likizo ilikuwa ndefu, na kwetu Morogoro bando na umeme vilikuwa vinanikimbia kwa zamu. Sasa nimerudi Mlimani na nina jambo linaniwasha, na wa kwanza kuguswa nalo ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo akina kaka msininunie.

Lilianza na katuni. Wiki ya mwisho ya UE jamaa ninayekaa naye chumba kimoja alinirushia kwenye flashi muvi ya Ratatouille, ile ya Pixar ya mwaka 2007 aliyoiongoza Brad Bird, ikabeba na Oscar ya katuni bora mwaka uliofuata. Najua wengine mliiona mkiwa shule ya msingi. Mimi ndo nimeiona uzeeni, hahaha.

Kwa ambao hamjaiona: kuna panya anaitwa Remy, ana pua kali kuliko ya mpishi yeyote. Anaingia kwenye jiko la hoteli moja ya Paris, anajificha ndani ya kofia ya kijana Linguini aliyeajiriwa kumwaga takataka, anamvuta nywele kulia na kushoto kama mtu anaendesha bajaji, na chakula kinatoka. Mpishi mkuu wa zamani wa hoteli ile, marehemu Gusteau, alishaandika kitabu akisema kila mtu anaweza kupika. Kuna mkosoaji wa magazeti, Anton Ego, mtu mrefu mkavu kama aliyekunywa siki asubuhi, hilo halikubali hata kidogo. Mwishoni Remy anampikia ratatouille. Ego anatia mdomoni, anajikuta amerudi utotoni mlangoni kwa mama yake, kalamu inamdondoka.

Sasa hiyo ratatouille ni nini? Bilinganya jamani! Bilinganya, nyanya, pilipili hoho, kitunguu, kitunguu swaumu, na mumunya changa wanaloliita zukini. Chakula cha watu wa kawaida wa kusini mwa Ufaransa, upande wa Nice. Yaani ni ndugu wa damu wa ule mchuzi wa bilinganya ambao ukipikwa kwetu tunanuna, tunaulizana nani kala hela ya nyama. Nikajiambia, hii nikifika nyumbani naipika. Mimi, ambaye chuoni naishi kwa chips mayai boom likiwepo, na kwa maandazi ya kukopa likikata.

Nikafika nyumbani mwezi wa nane. Baba yupo, mama anauza vitenge, anarudi saa moja usiku. Mdogo wangu wa kike yuko Form Four, mtihani wake wa taifa ni mwaka huu. Halafu kuna dogo wa darasa la sita. Jumamosi moja nikaenda soko kuu. Mboga za Morogoro si mchezo, zinashuka kutoka Mgeta zikiwa bado na baridi ya mlimani. Zukini sikuiona. Mama mmoja muuzaji nilipomweleza akanitazama, akasema, "Mwanangu, hilo si mumunya tu?" Akanipa mawili machanga. Nikaona aibu, maana ndilo lile lile limetambaa nyuma ya choo chetu.

Saa nane mchana nikawasha jiko la mkaa. Niseme ukweli, lilikubali saa tisa kasoro. Ile staili ya kwenye muvi, vipande vyembamba vimepangwa vikilaliana kama sarafu, si ya kijijini. Ilitoka kwa mpishi Mfaransa Michel Guérard, na Mmarekani Thomas Keller aliyewashauri watu wa Pixar ndiye aliyeiboresha ikaingia kwenye picha. Chini unaweka rojo la hoho na nyanya, juu unapanga vipande kwa mzunguko, unafunika na karatasi, unaingiza kwenye oveni. Oveni sina. Nikachukua sufuria, nikafunika vipande kwa jani la mgomba nililolikata duara, nikaweka mfuniko na kupalia makaa juu kama wali wa harusini. Hapo nilijisifu mwenyewe, mwacheni mtu ajisifu.

Kukata tu vile vipande kulinichukua saa nzima na kidole kimoja. Mdogo wangu alisimama mlangoni muda wote. "Kaka, kisu hakishikwi hivyo." "Kaka, mafuta hayajapata moto." "Kaka, niachie mimi." Mara ya nne nikamfukuza. Nikamwambia kachukue daftari lako, ukae sebuleni, usirudi huku mpaka nikuite.

Baba alipita akanikuta napuliza moto, machozi yananitoka. Akasimama kidogo, akauliza hewani tu, "Huyu ndo tumempeleka chuo kikuu akasomee bilinganya?"

Chakula kilikuwa mezani saa mbili kasoro. Makopo mawili ya mkaa yameisha, sufuria tatu zimeungua. Mama alikula akasema kitamu, ila mama angesema hivyo hata ningempa sahani. Baba alichokoa chokoa akauliza nyama iko wapi. Kalamu haikumdondoka mtu.

Lakini mdogo wangu alikula huku bado ameshika daftari la Baiolojia, akasema kitu ambacho hakukusudia kiniume. Alisema, "Kaka, leo nimemaliza jenetiki yote. Sijawahi kusoma jioni mpaka nikamaliza kitu."

Sijawahi. Form Four.

Wadau, mimi nilipokuwa Form Four nyumba ile ile nilisoma kila jioni. Nilikuwa naitwa chakula kikiwa tayari. Nilipopata divisheni wani wote tulisema nina akili. Sikumbuki kujiuliza hata siku moja nani alikuwa anachambua mchele wakati mimi nakariri mwendo wa damu kwenye moyo. Alikuwa yeye, na alikuwa bado shule ya msingi.

Wiki iliyofuata nikamvizia na saa ya simu, bila kumwambia. Kuanzia kuwasha jiko, kuchagua maharage, kusonga ugali, mpaka kuosha chombo cha mwisho: haikushuka masaa mawili na nusu kwa siku. Kwa wiki ni masaa kumi na saba na nusu. Nikagawa kwa dakika 40 za kipindi, nikapata vipindi 26. Kila wiki mtoto wa kike wa kwetu anakosa vipindi 26 vya kujisomea, halafu matokeo yakitoka tutasema kaka yake alikuwa na kichwa zaidi.

Ndo maana naona muvi imesema kweli nusu. Sawa, kila mtu anaweza kupika. Kwetu tuko watano, wote tuna mikono. Swali ambalo Gusteau hakuliuliza ni nani anapika Jumanne, wakati hakuna mgeni, hakuna muvi, kuna maharage tu na mkaa uliolowa.

Na kuna sehemu moja tunaipita haraka tukiiangalia. Colette, mwanamke pekee kwenye jiko lile, anambana Linguini na kumweleza kwamba kanuni za majiko makubwa zilitungwa na wanaume ili mwanamke asiingie, na kwamba yeye kufika pale kapambana. Nilirudisha nyuma nikaisikiliza tena. Jiko la mshahara na kofia nyeupe, dada wa watu anapigana kuingia. Jiko la mkaa la uani, dada yangu haruhusiwi kutoka! Na sisi akina kaka tunashangaa mahoteli kuwa na machefu wanaume, tunasema wanaume wakiamua kupika wanapika vizuri kuliko wanawake. Nimeshalisema hilo mimi, kafeteria, mbele za watu. Naomba lifutwe.

Msinielewe vibaya, sijageuka mtakatifu kwa sahani moja ya bilinganya. Ile Jumamosi yenyewe ilikuwa maonyesho, nilipiga picha nane kabla ya kula. Na vyombo, nakiri, siku ile niliviacha. Aliviosha yeye. Ila nilizobaki nazo za likizo nilijitwisha jioni nne kila wiki, na nikajifunza kwamba maharage hayana haraka na mtu, na kwamba ugali wa watu watano unauma bega. Mama mwanzoni hakupenda. Alikuwa ananiambia, "Baba, toka huko, watu watasema mama yake kamfanya nini." Majirani walisema kweli, wakachoka.

Humu chuoni wako wenzangu wanaosema "mimi sijui kupika" kwa sauti ile ile ya mtu anayesema "mimi sivuti sigara". Kama sifa. Mtu ana miaka 23, anachora saketi za umeme, anatengua matriksi, wali unamshinda? Haushindi mtu. Kuna mtu mahali alikuwa anakupikia, na wewe hukuuliza alikuwa ameacha nini ili akupikie. Atakayesema amekulia kwa wanaume watupu na alikuwa anapika mwenyewe, huyo nampa mkono, hili halimhusu.

Na akina dada, najua mtaniambia kwamba mnajua haya yote tangu darasa la tatu na mnashangaa nimehitaji panya wa Marekani kuniambia. Sina jibu. Ni kweli.

Tatizo langu sasa ni kwamba mimi nimerudi huku na mtihani wa mdogo wangu bado. Kabla sijaondoka nikakaa na dogo wa darasa la sita, nikamfundisha ugali, maharage na mchicha, siku tisa mfululizo. Mama akasema huyo atachoma nyumba. Baba hakusema kitu, ila siku ya mwisho nilimwona anampelekea mkaa jikoni, akaumwaga akaondoka haraka kama mtu aliyedondosha hela ya mwenzake.

Jana saa moja usiku nimepiga simu. Dogo kapokea, nyuma nasikia mfuniko unalia. Anasema maharage yameshika chini kidogo na dada anataka kuja kuyaangalia. Nikamwambia weka maji ya moto, punguza mkaa, usikoroge mpaka chini. Halafu nikamwambia mpe simu dada yako. Nilimkuta ameshasimama. Nikamwomba akae.