Kabla ya Kununua Pampu ya Usukani, Uliza Oili Imekwenda Wapi



Juma moja kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari, mama watoto alirejea kutoka sokoni akieleza kuwa usukani wa gari umekuwa mzito, na kwamba kila anapokata kona ya kuingia uani husikika mlio wa kuguna chini ya boneti. Nilitazama kopo la oili ya stelingi nikaikuta imeshuka chini ya alama. Nikaongeza, mlio ukatulia. Baada ya siku tatu ukarudi.

Nilipolifikisha gari gereji, fundi aliuzungusha usukani mara mbili tu, akasema: "Mzee, pampu imekufa." Alitaja shilingi 350,000 kwa mkupuo: pampu ya mtumba, oili na ufundi. Nyumbani palikuwa na bahasha moja tu yenye kiasi hicho, nayo ilikuwa ya ada ya muhula wa kwanza. Njiani nikaanza kujishawishi kuwa mwalimu mkuu angenielewa.

Usiku nilimweleza mwenzangu. Hakubishana nami kuhusu ada. Aliuliza swali moja: "Hiyo oili uliyoijaza juzi imekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, na fundi naye hakuwa amelitafuta.

Usukani wa oili ni mzunguko uliofungwa. Pampu huendeshwa na mkanda wa injini. Husukuma oili kwa nguvu hadi kwenye reki ya usukani, kisha oili hurejea koponi kupitia mpira wa marejeo. Oili hii haiungui kama petroli. Ikipungua, imevuja mahali. Ikipungua sana, pampu huvuta hewa, na hewa ndiyo iletayo povu koponi, mlio wa kuguna na uzito wa usukani. Dalili hizo ni zilezile za pampu iliyochakaa, na hapo ndipo baadhi yetu hununua pampu mpya ilhali ya zamani haikuwa na kosa.

Asubuhi tulikwenda kwa fundi mwingine, mtu mzima asiye na maneno mengi. Aliipangusa pampu na mipira yake kwa kitambaa, akawasha injini, akamwomba kijana wake azungushe usukani, naye akamulika kwa tochi kutoka chini. Mpira wa marejeo ulikuwa umepasuka nchani, chini ya klipu iliyoliwa na kutu. Alibadilisha mpira na klipu, akajaza oili, akainua magurudumu ya mbele na kuzungusha usukani polepole kushoto na kulia hadi mapovu yakaisha. Tulilipa shilingi 55,000. Bahasha ya ada ikabaki kabatini.

Sisemi kuwa pampu hazifi. Jirani yetu aliendesha miezi kadhaa akiuzoea mlio, akiongeza oili pale alipokumbuka. Pampu ilisagika, na vumbi la chuma likasafiri na oili hadi kwenye reki. Akalipia vyote viwili.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha fuata mpangilio. Kwanza ujue kama gari lako lina pampu hiyo. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni husaidiwa na mota ya umeme. Hayana pampu wala oili ya stelingi. Pili, tazama kiasi cha oili, rangi yake na povu. Tatu, kagua mkanda: mlio mkali wa kupiga kelele gari linapowashwa au usukani unapokatwa hadi mwisho mara nyingi ni wa mkanda uliolegea. Nne, fuata mipira na viungo vyake kutafuta unyevu. Pampu ishutumiwe mwisho.

Ikithibitika kuwa ni pampu kweli, omba gharama iandikwe kwa mafungu: pampu yenyewe, ufundi, oili, kusafisha mfumo, na mkanda ikiwa umechoka. Bei ya jumla huficha mengi. Uliza pia kama pampu yako inaweza kubadilishwa sili tu, kwani ikiwa tatizo ni kuvuja na vyuma vya ndani ni vizima, huenda hilo likatosha. Pampu ya mtumba kutoka maduka ya Kariakoo ni nafuu kuliko mpya, lakini hakuna ajuaye imetembea kiasi gani. Iombee dhamana ya siku kadhaa kwa maandishi. Oili nayo isichaguliwe kwa kubahatisha: magari mengi ya Toyota yenye usukani wa oili hutumia ATF, ilhali Honda huhitaji oili yake maalumu, na isiyofaa huharibu sili. Mwisho, dai urudishiwe kipuri kilichotolewa. Ni chako.

Wakati ukitafakari, usimpe gari hilo dereva mgeni. Pampu ikifa magurudumu bado hukata, lakini kwa nguvu nyingi, hasa mwendo ukiwa mdogo. Na katika baadhi ya magari mkanda huohuo huendesha pampu ya maji. Ukikatika, injini huchemka.

Kuna haki ya upande wa pili pia. Ukaguzi ni kazi, na anayeufanya alipwe hata kama hakukuuzia chochote. Yule mzee hakutaja malipo ya kumulika kwake, tulimwongezea wenyewe. Fundi asiyelipwa kwa kutazama atatafuta riziki yake katika kuuza pampu, na sisi tunaobishana naye kwa shilingi elfu tano za ukaguzi tunakuwa tumemsukuma huko.

Tangu Januari ile tunaweka shilingi 20,000 kila mwezi katika bahasha ya pili, tuliyoiandika "gari". Ile ya ada haifunguliwi mpaka tuketi wawili.

Wabillahi tawfiq.