Uchambuzi: Myanmar na Mipaka ya Vita vya Msituni

Je, raia wenye silaha hafifu wanaweza kuikabili serikali yenye ndege za kivita? Mapigano ya Myanmar yanaonesha kuwa wanaweza, ila kwa masharti na kwa gharama kubwa.

Jeshi la nchi hiyo lilitwaa madaraka Februari 1, 2021. Maandamano ya amani yalipozimwa kwa risasi, vijana wengi wa mijini walikimbilia misituni, na Mei mwaka huo wapinzani wa mapinduzi wakatangaza kuundwa kwa Jeshi la Ulinzi la Wananchi. Wengi walianza na bunduki za kuwindia.

Hata hivyo, raia hao hawakusimama peke yao. Walipata mafunzo kutoka kwa majeshi ya makabila, yakiwamo ya Wakachin na Wakaren, yaliyopigana na serikali kwa miongo mingi. Oktoba 27, 2023, majeshi matatu ya aina hiyo yalianzisha mashambulizi ya pamoja katika Jimbo la Shan, na Agosti 2024 mji wa Lashio, makao ya kamandi ya kanda, ukatekwa.

Aprili 2025, kwa usuluhishi wa China, Lashio ulirejeshwa kwa jeshi, ambalo bado linatawala anga na miji mikuu. Watu zaidi ya milioni 3 wameyahama makazi yao.

Hivyo, vita vya msituni vimeinyima serikali ushindi, lakini havijawapatia wananchi amani. Hiyo bado inasubiri maridhiano ya kisiasa.