Kupinga amri ya matunzo si kumnyima mtoto chakula



Katika parokia tunakotumwa kufanya uchungaji, suala la matunzo ya mtoto halikosekani. Baba anadai hakimu amempangia kiasi asichokiweza. Mama anadai alichopangiwa hakinunui hata unga wa mwezi. Wakifika kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, wengi huambiwa wavumilie, kwa kuwa Mkristo haendi mahakamani.

Hatukubaliani na jibu hilo. Ni kweli Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana. Lakini Paulo huyohuyo, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 25, alipoona hatatendewa haki alikata rufaa kwa Kaisari. Kukata rufaa si ukaidi wala dhambi. Swali ni namna unavyopinga, na mtoto anakula nini wakati unapinga.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo asiyeridhika asiende na machozi matupu. Aende na hati ya mshahara au hesabu za biashara, risiti za ada, vyeti vya hospitali, na maelezo ya watoto wengine anaowalea.

Njia ziko mbili, na watu huzichanganya. Kama hakimu alikosea tangu mwanzo, ni rufaa, nayo ina muda wake. Uulize mapema masijala ya mahakama. Kama amri ilikuwa sawa lakini hali imebadilika, mzazi amepoteza kazi au mtoto ameingia sekondari, ni maombi ya kubadilisha amri katika mahakama iliyoitoa. Umuhimu wa njia hii ya pili unaonekana katika sheria ya zamani iliyofutwa mwaka 2009. Kwa mtoto wa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi ilishuka thamani, kikomo kikabaki palepale, na walioumia ni watoto.

Tunachokataa ni mzazi kujitungia hukumu yake. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi amri. Anayetaka isimame lazima aiombe mahakama. Baba anayesema, “Mpaka rufaa yangu isikilizwe sitoi hata senti,” hamkomoi mama wala hakimu. Anamkomoa mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari. Kama hawezi kiasi chote, atoe anachoweza, atunze risiti, na aieleze mahakama ukweli. Vivyo hivyo, mama asimfiche mtoto kwa sababu fedha zimechelewa. Mtoto si rehani.

Sheria za Kanisa, kanuni ya 1154, zinataka wazazi wanapotengana, malezi na mahitaji ya watoto yahakikishwe ipasavyo. Wajibu huo haungoji wazazi wapatane.

Kwa hiyo tunaziomba parokia ziwe na namba ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na ya wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mjane au mkulima asiye na fedha za wakili asiondoke ofisini kwa paroko na baraka tu bila kuelekezwa pa kwenda.

Na kwetu mafrateri, tunaojiandaa kuketi na familia hizi: tusimhukumu mzazi kwa kusikia upande mmoja. Tusikilize wote wawili, kisha tumuulize kila mmoja swali moja kabla ya mengine yote: leo mtoto amekula?