Fundi Aliyesahauliwa

Majina ya Wilbur na Orville Wright wa Marekani yajulikana hata kwa watoto wa shule. Lakini ni wangapi wamjuao Charles Taylor?

Mwaka 1902 ndugu hao walitafuta injini ya kurushia chombo chao. Waliwaandikia watengenezaji wa injini za motokaa, wasipate iliyowafaa. Injini hizo zilikuwa nzito, kwani gari hubebwa na ardhi. Ama eropleni hujibeba yenyewe, na kila ratili izidiyo huivuta chini. Basi wakamtegemea Taylor, fundi wa duka lao la baiskeli mjini Dayton. Kwa muda wa majuma sita, akitumia mashine ya kukereza, ya kutobolea na zana za mkono, aliunda injini ya silinda nne, mwili wake wa aluminiamu iliyo nyepesi. Uzito wake ulikuwa ratili 180 hivi. Walihitaji nguvu za farasi 8, akawapa 12. Tarehe 17 Desemba 1903 eropleni ile ikaruka kwa sekunde 12.

Ndugu hao wakapata sifa. Taylor alimalizia uzee wake katika ufukara, akafariki mwaka 1956.

Dini yetu yatuhimiza kumpa mfanyakazi ujira wake pasipo kumchelewesha. Na kutajwa kwa wema pia ni haki yake. Nyumba uliyomo ina mwashi wake. Kanzu uliyoivaa ina mshonaji wake. Je, umewalipa? Na umewashukuru?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru. Amin.