Kabla ya Harambee ya Kinanda Kipya



Mwaka jana, tukiwa katika utume wa Jumapili kwenye kigango kimoja cha Temeke, kinanda cha kwaya kiligoma kuwaka dakika chache kabla ya Misa. Kwaya iliimba bila kinanda. Wakati wa matangazo, nasi tukiwa tumeafiki, ikatangazwa harambee ya kinanda kipya: shilingi milioni moja na nusu. Mama mmoja anayeuza vitumbua alitoa elfu tano papo hapo.

Siku ya mazoezi tuliweka betri sita kwenye kinanda kilekile. Kikawaka! Kumbe kiliporudi kutoka msibani kililetwa na adapta ya kinanda kingine. Pini iliingia vizuri, lakini umeme haukufanana. Vinanda vingi vya Yamaha vinataka volti 12, chanya ikiwa katikati ya pini. Vinanda kadhaa vya zamani vya Casio vinatumia volti 9, na hasi ndiyo iko katikati. Ni bahati hakikuungua.

Tuliona aibu. Darasani tunafundishwa kutafuta sababu kabla ya kutoa hukumu, lakini kanisani tulihukumu kwanza, tena kwa fedha za watu.

Kwa maoni yetu, vigango vingi vya pembezoni mwa jiji, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, vinakosa mtunzaji kabla ya kukosa kinanda. Matatizo mengi tunayokutana nayo ni madogo. Kwaya ikilalamika kwamba wimbo uko juu mno, angalieni kwanza kama mtu ameacha kinanda kimepandishwa ufunguo. Sauti ikikatikakatika, badilisheni waya kabla ya kulaumu amplifaya. Spika zikivuma, chomekeni kinanda na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Msivunje kamwe pini ya ethi, maana hiyo inalinda uhai wa mpigaji. Vitufe vichache vikiwa bubu, mara nyingi ni vumbi chini yake, na fundi anaweza kusafisha. Amplifaya iwashwe mwisho na izimwe kwanza, ili spika zisipigwe kishindo. Umeme ukikatika, chomoeni vyote mpaka urudi na kutulia.

Wapo wanaosema, "Sisi ni waimbaji, si mafundi." Ni kweli, na kufungua amplifaya ni kazi ya fundi, kwa kuwa ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuichomoa. Lakini kusoma maandishi ya adapta hakuhitaji ufundi. Yule mama wa vitumbua naye si mwimbaji, na bado alitoa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliheshimu kinanda cha mabomba na kuruhusu ala nyingine, mradi zifae kwa matumizi matakatifu na zisaidie kweli kuwajenga waamini. Spika inayonguruma wakati wa Mageuzo haisaidii mtu kusali.

Tunapendekeza mambo manne. Kila kwaya imteue mtu mmoja wa kutunza vyombo. Adapta ifungwe kitambulisho chenye jina la kinanda chake. Kuwe na daftari la kuandika kilichoharibika, kilichojaribiwa na kilichotengenezwa. Na harambee isitangazwe kabla kamati haijalisoma daftari hilo.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kigango alisimama akawaambia waamini ukweli, na waliotoa wakaitwa kuchukua fedha zao. Yule mama alipokea elfu tano yake, akaihesabu, akaiweka kwenye kanga. Hakutucheka. Wiki iliyofuata alituuliza kama adapta imepatikana.

Tunaandika haya ili kigango kingine kisilazimike kumrudishia mama kama huyo fedha zake.