Nyota Tano Hazijazi Mtungi Hewa



Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani kwangu hapa Rumonge baada ya kutoka ziwani. Ni kijana wa miaka ishirini na miwili, huvua ndagala usiku kwa taa, na maji anayajua tangu utotoni. Aliniambia, "Mjomba, nimepata njia. Nataka kwenda Unguja nikajifunze kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, halafu niwe msaidizi wa kuongoza watalii. Kituo nimekwisha kukichagua. Tazama, kina nyota tano, na watu zaidi ya mia mbili wamekisifu."

Karo ya mafunzo hayo ni akiba yake ya misimu miwili. Mama yake alikuwa tayari kumwongezea fedha za mawese.

Nilimwuliza kama watu hao mia mbili anawafahamu. Akacheka. "Mjomba, watu mia mbili wote wanaweza kusema uongo?"

Swali hilo nataka kulijibu mbele yenu, kwa sababu si lake peke yake. Vijana wengi wa mwambao wetu, tangu Rumonge mpaka Nyanza-Lac, siku hizi hutafuta kazi na mafunzo kwa kusoma sifa zilizoandikwa kwenye intaneti. Mimi elimu yangu ni ya shule ya msingi tu. Lakini miaka mingi nimekuwa nikisikiliza wafanyakazi na waajiri wakisemezana, na kazi hiyo imenifunza kuyapima maneno ya mtu.

Kwanza, ndiyo, watu mia mbili wanaweza kusema uongo, na tena wanaweza kuwa mtu mmoja. Mwaka 2017 kijana wa London aitwaye Oobah Butler, ambaye zamani alilipwa kuandika sifa za mikahawa asiyoijua, alifanya jaribio. Kibanda cha bustani alimokuwa akiishi, mtaa wa Dulwich, alikiandikisha Tripadvisor kama mkahawa. Hapakuwa na mpishi wala sahani moja iliyouzwa. Picha za vyakula alizitengeneza kwa povu la kunyolea na vitu vingine vya nyumbani. Rafiki zake wakaandika sifa. Ilipofika Novemba mwaka ule ule, kibanda kile kilikuwa cha kwanza kati ya mikahawa yote ya London iliyoorodheshwa pale. Tripadvisor wenyewe walitangaza kwamba mwaka 2022 walikamata maoni ya uongo kama milioni 1.3, na hayo ni yale yaliyokamatwa. Nchini Marekani, tangu Oktoba 2024, kanuni ya serikali inakataza kununua na kuuza sifa za namna hiyo. Serikali haitungi kanuni juu ya jambo lisilokuwapo.

Lakini, ndugu zangu, kwa maoni yangu uongo si hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa ni ukweli wa mtu asiyeona.

Mgeni anayekwenda kupiga mbizi anaona nini? Anaona boti safi, chai ya moto, mwongozaji mwenye tabasamu na samaki wa rangi. Akirudi salama anaandika nyota tano, na hasemi uongo. Amesema alichokiona. Lakini hakuona jana usiku mashine ilipokuwa ikijaza hewa. Hajui kama nahodha amelala saa nane au saa mbili. Hajui kama mtungi aliovaa mgongoni ulipimwa mwaka jana au haujapimwa kabisa.

Mfano wa kusikitisha ni wa meli ya wapiga mbizi iitwayo Conception, ya California, Marekani. Meli hiyo ilikuwa imebeba wapiga mbizi kwa miaka mingi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2019 iliwaka moto ikiwa imetia nanga, na watu 34 waliokuwa wamelala chumba cha chini walikufa: abiria 33 na mfanyakazi mmoja. Uchunguzi ulionyesha kwamba usiku ule hapakuwa na mlinzi wa zamu wa kuzunguka meli wakati watu wamelala, kama sheria inavyotaka. Nahodha alitiwa hatiani mwaka 2023, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Sasa niambieni, ni abiria gani angeandika kwenye intaneti kwamba mlinzi wa usiku hayupo? Abiria amelala. Ajuaye ni mfanyakazi.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wa chama. Sisi wa mwambao huu hatuishangai kazi ya mbizi. Tangu miaka ya 1970 samaki wa mapambo wa ziwa letu walisafirishwa kutoka Bujumbura kwenda ng'ambo, na mmoja wao mpaka leo ana jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeendesha biashara hiyo. Watu wa mbali waliwasifu samaki wale kwenye matangi ya vioo sebuleni mwao. Lakini samaki hawakujileta. Walishikwa na wapiga mbizi kwenye miamba, na aliyejua hewa ilikuwa nzuri au mbaya ni yule aliyeivuta. Mwenye kusifu na mwenye kujua si mtu mmoja.

Na mwenye kujua mara nyingi amefungwa mdomo. Mwenzetu mmoja aliyefanya kazi katika kituo kimoja cha pwani ya bahari, ambacho sikitaji, alinieleza kwamba kila mfanyakazi alitakiwa aandike sifa tatu kwa majina ya wageni kabla ya kupokea mshahara. Nahodha wao aligoma kutoka siku ya upepo mkali. Wageni waliokasirika wakaandika nyota moja, na wiki ile ile nahodha akafukuzwa bila kusikilizwa. Mnaona? Aliyeokoa roho za watu alipoteza kazi, na waliolazimishwa kudanganya walibaki. Kisha kijana wa Rumonge anasoma hizo sifa usiku kwenye simu yake, na anataka kupeleka akiba yake yote.

Basi tufanyeje? Tuache kusoma? Hapana. Mama anayenunua mukeke sokoni hamwulizi muuzaji kama samaki ni wa leo, maana jibu analijua. Hufunua matamvua akatazama mwenyewe. Na sisi tufunue matamvua.

Nilikaa na kijana tukasoma zile sifa moja moja. Tuliona kwamba nyingi ziliandikwa katika wiki mbili. Waandishi wengi hawakuwa wameandika juu ya mahali pengine popote duniani. Maneno yalifanana kama watoto wa darasa moja walionakili: "ajabu", "sitasahau", "bora kuliko wote". Hakuna aliyetaja siku, kina, mkondo wa maji wala jina la nahodha. Mtu aliyekuwapo kweli hukumbuka kitu: kwamba miwani iliingia maji, kwamba walimngoja mzee mmoja aliyechelewa. Sifa isiyo na kitu ndani yake ni kama wavu mtupu.

Halafu nilimwambia asome malalamiko kwanza. Katika kituo kingine, chenye sifa arobaini tu, mgeni mmoja alinung'unika: walirudishwa ufukweni kwa sababu ya upepo, naye alikuwa amekuja kutoka mbali. Alitoa nyota tatu. Mimi naona hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote tulizosoma usiku ule. Sisi tunaojua upepo wa kusini wa kiangazi unavyogeuza ziwa letu tunamwelewa nahodha huyo.

Baada ya hapo tuliandika maswali manne, tukayapeleka kwa vituo vyote viwili.

1. Mitungi yenu ilipimwa lini? Tarehe hugongwa kwenye chuma karibu na shingo ya mtungi. Nchi nyingi hutaka kipimo cha nguvu kila baada ya miaka 5.

2. Mashine ya kujaza hewa inavuta hewa kutoka wapi? Ikivuta karibu na moshi wa injini, sumu ya monoksidi ya kaboni huingia mtungini. Haina harufu. Mpiga mbizi huzimia chini ya maji bila kujua kwa nini.

3. Je, kuna oksijeni kwenye boti, na nani amefundishwa kuitumia?

4. Mwalimu ni nani, na namba yake ya ualimu ni ipi? Shirika lililompa cheti laweza kuulizwa kama namba hiyo bado ni halali.

Na mtu akija kutuambia tupige mbizi hapa kwetu Tanganyika, tumwongezee swali la tano: mahesabu yako umeyarekebisha? Uso wa ziwa letu uko kama mita 770 juu ya bahari, na kuanzia mita 300 jedwali la baharini halitumiki bila marekebisho. Asiyejua hilo, hata akiwa na nyota mia, asikuteremshe majini.

Kituo cha nyota tano kilijibu upesi: nafasi zinakwisha, tuma nusu ya karo leo. Swali hata moja halikujibiwa. Kile cha pili kilijibu siku ya tatu, kikaleta picha ya chapa ya mtungi na namba ya mwalimu. Sikumwambia kijana kwamba hicho cha pili ni kizuri. Picha nayo ni maneno. Nilimwambia asilipe karo yote kabla ya kufika na kuona, na akifika asiende ofisini kwanza. Aende akaongee na anayejaza mitungi. Akiba yake bado iko nyumbani.

Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kimepata hata watu wa kukitembeza kwa kulipwa. Kwa hiyo napendekeza chama chetu kishike mambo matatu. Mwanachama yeyote asilazimishwe kuandika sifa za mwajiri wake. Mfanyakazi asifukuzwe kwa maneno ya mgeni mmoja kabla ya kusikilizwa. Na ofisi yetu ifungue daftari, ambamo kila aliyefanya kazi kwenye boti, hoteli au kituo cha mbizi, hapa au ng'ambo ya mpaka, ataeleza alichokiona kwa macho yake, na jina lake litunzwe kwa siri. Daftari hilo halitakuwa na nyota. Litakuwa na tarehe, na hali ya vifaa, na saa za kazi.

Wewe uliyewahi kujaza mitungi hiyo, usikae kimya. Mtoto wa mwenzako atauvaa mtungi huo mgongoni. Njoo ofisini useme.